Majani Yasiyotaka Salamu

Kama sasa hivi uko kwenye benchi la kituo cha kifua kikuu, umekalia upande mmoja kwa sababu upande wa pili ni mifupa mitupu, haya nimekuandikia wewe. Mimi nililikalia benchi hilo miaka ya vita, mjini Beni, nikiwa nimekonda hata pete ya ndoa nikawa naivaa shingoni kwa uzi. Nimepona. Nasema mapema ili usisome ukinihofia. Aliyekufa ni mwingine.

Naitwa Kahindo. Wakati ule nilikuwa nauza mafuta ya mawese katika soko la mtaa wetu, Beu. Kikohozi kilianza kiangazi, vumbi la barabara likiwa limejaa kila pua, na kwa kuwa soko zima lilikuwa linakohoa sikujishughulisha. Mvua zikaja, vumbi likalala, wenzangu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Wateja wakaanza kusimama mbali, wakininyooshea chupa kwa mkono mrefu. Siku nilipoona damu kwenye pembe ya kitenge niliikunja kwa ndani nikauza mpaka jioni. Ukiona damu usifanye kama mimi, nenda.

Mume wangu Paluku ndiye aliyenipeleka. Chumba cha kungojea hakikuwa chumba, ilikuwa baraza yenye madirisha wazi pande zote, kwa maana hewa ya wagonjwa wa kifua haitakiwi kukaa mahali pamoja. Tulikaa tumeachana, kila mmoja na kopo lake la kutemea lenye kifuniko. Utajifunza kungoja pale. Utajua kikohozi cha kila mtu bila kugeuka, na siku moja kikohozi kimoja kitakosekana na hakuna atakayeuliza. Muuguzi wetu, Mbusa, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipa vidonge, akasimama mbele yangu mpaka nimemeza.

"Mukojo itakuwa mwekundu," akaniambia. "Hapana ogopa. Si damu, ni dawa."

Niliogopa vilevile. Niliogopa pia kucha zangu, zilizovimba ncha, na nywele zilizobaki kwenye kitana, na jasho lililoniamsha kila alfajiri likiwa limelowesha godoro mpaka chini. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa mwilini. Nyumbani walinitengea sahani, kikombe na kijiko, vikawekwa juu ya tofali nje ya jiko. Binti yetu Sifa, aliyekuwa bado anajifunza kutembea, alihamishiwa kwa shangazi yake. Nilikuwa namwona akipitishwa barabarani mgongoni mwa mtu, naye ananinyooshea mikono, na mimi napunga kwa mbali. Paluku alilala sebuleni kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu, na mtu mwenye hofu huwa na adabu nyingi kupita kiasi. Alikuwa ananiuliza kutoka mlangoni kama nimelala vizuri, kama mtu anayemuuliza mgeni.

Aliyevuka ule mlango ni mama yake.

Mama mkwe wangu Kanyere na mimi hatukuwahi kupatana. Tangu niolewe alikuwa na neno kuhusu sombe yangu, yaani kisamvu. "Sombe ya Kahindo inajua kuogelea," alikuwa akiwaambia wageni, nikiwa papo hapo na sahani mkononi. Nami sikuwa malaika, nilikuwa namwekea kiti chenye mguu mbovu. Basi siku alipohamia kwetu kutoka Mbau na mkeka wake, nilidhani amekuja kuuchunga mji wa mwanawe nikishaondoka. Aliingia chumbani, akachukua kikombe changu kutoka mikononi mwangu, akanywa chai iliyobaki.

"Sukari hakuna," akasema. "Njo maana hauponi."

Nililia siku ile kuliko siku ya damu.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya majani. Ni kijiti kisichopita kiuno cha mtu, majani yake yana meno pembeni na manyoya laini kwa chini. Ukiyafikicha yanatoa harufu kali inayopanda puani mpaka machoni. Nimeambiwa watu wa pwani wana ndugu yake wanayemwita kivumbasi. Sisi tukienda kumchumia mgonjwa hatumtaji jina, tunasema majani tu. Kwa ukoo wa mume wangu huota penye makaburi ya wakubwa, kwenye mji wa zamani wa baba zao nje kidogo ya Mbau. Huchumwa na mwanamke wa nyumba hiyo, umande ukiwa bado juu ya jani. Kanyere alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila siku, na pale makaburini alikuwa anaanza na Baba Yetu, kisha anawaita wakubwa mmoja mmoja na kuwaambia nani anaumwa.

Na baada ya hapo, kimya. Kuanzia jani la kwanza mpaka majani yawe mikononi mwa mgonjwa, mchumaji hasemi na mtu, hamwamkii mtu, haitikii. Nilimwuliza kwa nini.

"Dawa ni kama mutoto unamutuma," akasema. "Ukimusimulia habari ya njiani, atasahau mwenye alitumwa kwake."

Watu wote wa barabara ile walijua. Wakimwona mwanamke ameshika majani kifuani na macho yapo chini, walikuwa wanapisha, wanaume wanavua kofia, na akina mama wanawavuta watoto wasimsalimie. Mara ya kwanza Kanyere alilala kwa dada yake Mbau, akachuma alfajiri, akatembea mpaka Beni, na barabara nzima ikamwachia njia. Alifika jua likiwa limepita utosi. Aliniwekea majani viganjani, akashusha pumzi, ndipo akasema, "Wavukire, Kahindo."

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi kwa Kinande. Nilicheka. Mchana kweupe, na yeye ananiuliza nimeamkaje! Lakini ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza ya siku, alikuwa ameniwekea mimi.

Tuliyachemsha kwenye sufuria kubwa. Nilijifunika blanketi mimi na sufuria, nikavuta ule mvuke. Mwanzoni nilidhani nakufa. Kisha kitu kilichokuwa kimejifunga kifuani kikaanza kulegea, kikatoka chenyewe bila kunipasua mbavu. Jasho lilinitoka, safari hii jasho la moto, la kupendeza. Maji yaliyobaki alinioshea mgongo. Nililala usingizi wa mtu mzima mwenye afya. Sikuambii kwamba majani yaliua ugonjwa. Mbusa alikuwa ameshanieleza, na Kanyere mwenyewe hakubishana naye, alikuwa ananihimiza vidonge kuliko mtu yeyote. "Kidonge inapigana," alisema, "majani inakupa pumuzi ya kungojea." Ndivyo ninavyoamini mpaka leo.

Nilianza kunenepa. Pete ilirudi kidoleni. Kisha vita vikatufikia.

Wakimbizi walianza kutoka msituni, upande wa Ituri, wakipita Oicha na Mbau na magodoro kichwani. Wengine walikuwa na vidonda ambavyo sitavieleza. Mji ulijaa. Wanaume wenye bunduki, sijui wa jeshi gani maana walibadilika kila mwezi, waliingia kituoni wakavunja mlango wa dawa. Walichukua hata vidonge vya kifua kikuu, ambavyo haviwezi kumsaidia mtu yeyote kwa kumeza siku moja. Nilifika asubuhi nikamkuta Mbusa ameketi kwenye benchi letu la wagonjwa, mikono mapajani.

"Tungojee dawa ya Butembo," akasema. "Batatuma. Lakini barabara imefungwa."

Tuliosikia tulikaa naye. Hakuna aliyeinuka kwa muda mrefu, kwani nyumbani tungekwenda kusema nini?

Ugonjwa ulirudi na hasira. Mara ya kwanza uliniingia polepole, mara hii ulinitupa chini. Sauti ilikatika. Sikuweza kulala chali wala ubavu, nilikuwa nakaa nimeegemea ukuta na kuhesabiwa pumzi na mama mkwe. Paluku alikwenda kituoni kila siku na kurudi na uso uleule. Majani yalikuwa yamekwisha.

"Nitaenda Mbau," Kanyere akasema.

Paluku alikataa. Njiani sasa palikuwa na kizuizi cha wanajeshi, si watu wa huku. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge, akaenda.

Alirudi kesho yake, mchana. Majani alikuwa nayo, mabichi kabisa, ila hakuyaweka mikononi mwangu. Aliyatupa chini ya mgomba, akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso.

"Ilikufa," akasema. "Nilisema."

"Ulisema nini, mama?" Paluku akauliza.

"Kule ku kizuizi, ule mutoto askari akaniuliza, unapelekea nani hii? Mudomo ikajibu yenyewe. Ni ya mukaza mwana yangu, iko mugonjwa. Akaniachilia. Akasema hata pole."

"Basi Mungu asifiwe! Kusanya, tuchemushe."

"Tuchemushe nini? Ilishasikia ingine maneno."

Paluku alipandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya mbele ya mama yake. Alimwambia majani ni majani, yana nguvu yake ndani, hayana masikio. Nami nilimwita, kwa ule mnong'ono uliokuwa umebaki kuwa sauti yangu. Nikamwambia, "Mama, bakia. Nitatumia hayo ya chini ya mgomba." Alikuja akachuchumaa karibu. Alininyooshea kitenge begani.

"Unakufa mbele yangu," akasema taratibu. "Mimi nibaki hapa na mudomo yangu? Hapana."

Nimeifikiria ile siku mara nyingi sana. Aliyeuliza swali alikuwa askari mwenye adabu. Angekuwa mkali, labda mama angeogopa kurudi. Asubuhi yake alitoka tena kwenda Mbau.

Kilichotokea kizuizini nilikipata kwa mzee Ramazani. Ni mwenye lori, Mwislamu wa mtaani kwetu, aliyekuwa anabeba ndizi na mihogo kati ya Oicha na Beni. Siku Kanyere aliporudi, lori lake lilikuwa kwenye foleni. Aliwakuta askari wengine, wale wa juzi wameshabadilishwa. Kanyere alikuja kwa miguu, kitenge kimefungwa kifuani, majani yakichungulia, macho yapo chini. Wakamwambia asimame, akasimama. Wakamwuliza anakwenda wapi. Kimya. Wakamwuliza majani ni ya nini.

Hapa lazima nieleze jambo kwa asiyetoka kwetu. Wakati ule vijana wa Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini, walikuwa msituni, na walisifiwa kwa dawa zao za majani za kugeuza risasi kuwa maji. Nao walikuwa na miiko yao, hili usiguse, yule usimpe mkono. Basi mwanamke mzee kutoka msituni na majani kifuani, anayekataa kusema, askari mgeni atamwonaje?

"Loba, mama!" mmoja akapiga kelele kwa Kilingala, sema. "Nkisi ya nani?"

Dawa ya nani. Ramazani alishuka kwenye lori mikono juu. "Mukubwa, ile ni dawa ya mugonjwa! Kwabo, mwenye anabeba hapana kusema! Mugonjwa minamujua, ni jirani yangu!" Wakamwambia arudi kwenye gari lake. Mmoja wao akamwambia Kanyere, neno moja tu, mama, sema neno moja upite. Ramazani anasema alimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Ndipo wakaanza kumpiga kwa vitako vya bunduki. Alianguka juu ya majani, akayafunika kwa tumbo. Hakulia hata kidogo. Kulia nako kungekuwa sauti.

Mkubwa wao alitoka kwenye kibanda, akamsikiliza Ramazani, akawaambia wamwache. Ramazani alimpandisha mbele ya lori. Njia nzima alikuwa anamwambia, mama, sasa tuko wawili, sema tu unaumia wapi. Hakumjibu.

Niliwaona kutoka ukutani nilipoegemea. Paluku na Ramazani walimshika huku na huku, naye akawatoa mikono mlangoni, akaja kwangu kwa miguu yake. Midomo ilikuwa imevimba, jicho moja limefunga. Alipiga magoti, akafungua kitenge, akaniwekea majani viganjani, akavifunga vidole vyangu kwa vidole vyake.

"Wavukire, Kahindo," akasema.

Sikuweza kuitikia. Kwanza sauti sikuwa nayo, na ile kidogo iliyokuwepo iliishia katika kilio. Salamu ile ilibaki hewani kati yetu.

Katikati ya majani palikuwa na mche mzima, na mizizi na udongo wake. Nilishangaa, kwani mwenyewe alikuwa ameniambia yale majani hayahamishwi. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Inafuataka kaburi," akajibu, akajilaza kwenye mkeka wake.

Tuliyachemsha. Ulitaka nikuambie niliyakataa? Nilivuta ule mvuke mpaka mwisho, nikilia ndani ya blanketi, na kifua kikafunguka kama mara ya kwanza. Yalinivusha siku zile. Mvua za masika zilipoanza barabara ya Butembo ilifunguka, Mbusa akamtuma mtu aniite, tukaanza upya, safari hii na sindano. Sindano zile zinaacha kengele masikioni, ukizipata usishtuke, mwambie muuguzi. Matako yalijaa vinundu, nikawa nakaa kama kuku anayetamia.

Nikawa napanda na yeye anashuka. Tulikaa baraza moja, mikeka miwili, nikipata nyama mashavuni wiki kwa wiki, naye tumbo likivimba na mkojo wake ukitoka mwekundu. Wake haukuwa wa dawa. Hospitalini walimlaza, wakamrudisha, walisema kilichopasuka ndani hakishoneki kwa mtu wa umri wake. Siku nilipoweza kusimama jikoni nilimpikia sombe. Aliionja, akaacha kijiko.

"Leo haiogelei," akasema. Nilijua basi kwamba anakwenda.

Jioni moja aliniuliza, "Ilikusaidia kweli? Ama unanifurahisha?"

"Ilinisaidia, mama. Nilipumua."

"Wasingya," akasema. Asante. Yeye kunishukuru mimi!

Alikufa kahawa ikiwa imeiva, sindano zangu zimekwisha na vidonge vimebaki. Barabara ya Mbau haikupitika, tukamzika nyuma ya nyumba, Beu. Msibani kuna mwanamke wa ukoo aliyesema kwa sauti ya kusikika kwamba mkaza mwana amenunuliwa kwa uhai wa mama mkwe. Paluku hakumkanya. Muda mrefu hakuweza kuniangalia nikila. Usiku haukuwa tatizo, tatizo ilikuwa sahani, kuniona nikiimaliza. Nilimkasirikia, nikawakasirikia askari, nikamkasirikia na marehemu, ndiyo, kwa ule ukaidi wake. Angesema neno moja! Majani yangenisahau, basi na yanisahau, mimi ningengojea barabara ifunguke nikiwa nimeegemea ukuta wangu. Labda ningefika, labda nisingefika. Hilo hakuna wa kuniambia.

Mche niliupanda juu ya kaburi lake. Ulishika.

Umeenea sasa mpaka karibu na dirisha la jiko. Watu wa Beu wanakuja kuomba majani, wakristo na waislamu, mzee Ramazani naye kwa pumu ya mjukuu wake. Nawachumia asubuhi. Wanasimama kimya wakinisubiri, kwa heshima, maana habari ile wanaijua. Mimi ndiye ninayeanza kusema. Nawaamkia wote, nawauliza habari za nyumbani, za mihogo, za aliyejifungua, na mkono unachuma. Sitaki tena mtu anyamaze kwa ajili ya jani. Nawaambia wakifika njiani wakiulizwa, wajibu. Nawaambia pia vidonge vyao wavimalize, hata wakijisikia wamepona, na wewe nakuambia hivyohivyo.

Lakini majira ya baridi kovu la kifuani hunikaza, na mwenye kunichumia mimi ni Sifa. Alirudi nyumbani nilipomaliza vidonge, akanikataa mwezi mzima, kisha akanizoea. Ni mwanamke sasa. Nimemwambia mara ngapi kwamba kutoka kaburini mpaka kitandani kwangu hakuna kizuizi, aseme anachotaka.

"Koko hakusemaka," ananijibu. Koko ni bibi yake, Kanyere.

Basi namwacha. Namsikia akifungua mlango wa nyuma umande ukiwa bado chini, namsikia akianza Baba Yetu, kisha akiwaita wakubwa, na jina la Kanyere limo. Halafu simsikii tena. Anaingia macho yapo chini, anapiga magoti, ananiwekea majani viganjani na kuvifunga vidole vyangu.

"Wavukire, mama," anasema.

Naitikia. Naitikia kwa sauti yote niliyonayo, mara mbili.